Bariere Mbili

Goma, Birere, tarehe 25 Machi 2025

Prof Léopold,

Ninaanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri katika kitubio. Mdogo wangu Joyeuse hakuniponyoka mkononi. Mimi ndiye niliyemwachia.

Labda hunikumbuki. Mimi ni Umwiza wa tano biochimie, darasa la biolojia na kemia, nilikuwa nakaa benchi la mwisho, karibu na dirisha lisilo na kioo. Sikuwahi kuuliza swali darasani. Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumbani ni moja, ni ya mama, na mama anasoma kila kitu kinachoingia humo akitumaini ni habari za Joyeuse. Barua hii utaletewa na Mama Charline, anayetuletea viazi kutoka huko kwenu Butembo.

Mwezi wa kumi mwaka jana ulitufundisha juu ya samaki mdogo mwenye mistari, ambaye mayai yake ni maangavu kama maji, hata mtu akitazama kwa hadubini anaona kiinitete kikijijenga. Ulisema kuna seli ambazo hazizaliwi mahali zitakapofanya kazi. Zinasafiri, siku ya kwanza tu ya uhai. Jeni moja inatengeneza ishara upande fulani, na seli zinaifuata ishara hiyo mpaka zifike. Kitabu kiliita ishara hiyo kwa neno refu la Kifaransa. Paulin alijaribu kulitamka mara tatu, darasa likacheka, nawe ukasema: «Basi, tuiite mwito, tusimuue Paulin.» Katika kaye yangu, daftari la biolojia, nimeandika mwito kila mahali.

Joyeuse ana miaka saba. Hasikii tangu homa ya utotoni, wala hasemi. Tunaongea naye kwa mikono, kwa ishara tulizozitunga wenyewe nyumbani. Kuna neno ambalo watu huwaita watoto kama yeye, lakini kwetu neno hilo halitamkwi. Mama amelikataza.

Ishara ya bariere ni mkono ulionyooka ukishuka, kama ule mti wa mpakani. Unajua kwamba mpaka wetu una milango miwili. Mama akimchukua Joyeuse, anashusha mkono, halafu anaweka mikono miwili juu ya kichwa, maana yake beseni. Hiyo ni bariere ndogo, hapa Birere, anapovukia na avoka zake, maparachichi ya kuuza, kwenda Gisenyi upande wa Rwanda. Mimi nikimchukua Siku ya Mungu baada ya misa, ninashusha mkono, halafu ninatikisa kiganja, maana yake samaki. Hiyo ni bariere kubwa, ya karibu na ziwa. Tulikuwa tunaenda pale na chupa, tunachota maji ya pembeni, tunatafuta mayai ya samaki kwa ajili ya somo lako. Hatukupata hata yai moja. Yeye alifurahi hivyohivyo.

Siku ile ya Januari risasi zilipofika Majengo, mtaa tuliokuwa tunakaa, mama alikuwa amelala Gisenyi na mali yake. Tulikimbia na majirani. Tulipofika kwenye kona ya tanuri la mikate nikakumbuka begi langu. Ndani mlikuwa na kaye ya biolojia. Prof, nilirudi kwa ajili ya kaye. Nilimsukuma Joyeuse mbele, katikati ya majirani, akageuka kunitazama, nikashusha mkono mara moja. Bariere. Basi. Sikuweka beseni, sikuweka samaki. Nikakimbia.

Nilimaanisha bariere ndogo, kwa mama. Nilimngoja pale mpaka saa kumi na hakuja. Mama alipovuka akaniuliza, «Mudogo wako iko wapi?» Nikamjibu, «Ameniponyoka mukononi, hapa karibu.» Maneno hayo yalitoka yenyewe. Kesho yake tulihamia huku kwa mama mdogo, kwa sababu bomu lilikuwa limeangusha bati la nyumba yetu. Tangu hapo mama anatafuta Birere na Gisenyi, anasoma orodha za Msalaba Mwekundu, anafungua milango ya hospitali.

Juma lililopita nilikuwa ninarudia somo. Nilichora mshale wa seli inayofuata mwito, nikautazama mkono wangu uliokuwa unachora, na hapo ndipo nilipoelewa. Mkono uliosema bariere siku ile ulikuwa wangu, haukuwa wa mama. Na mkono wangu siku zote ulimaanisha ile kubwa.

Nimekwenda bariere kubwa mara mbili baada ya masomo. Nilimuuliza mama mmoja anayeuza mayai ya kuchemsha: «Mama, haukumuona mutoto, jina lake Joyeuse?» Akasema hapana. Sikuweza kuendelea. Unaijua sauti yangu, haifiki hata benchi la mbele. Na Siku ya Mungu siwezi kwenda kule, ilikuwa siku yetu sisi wawili.

Maswali yangu ni mawili. Mwito ukitoka mahali pasipo pake, seli inafanya nini? Na je, nimwambie mama?

Mwanafunzi wako,
Umwiza

*

Butembo, tarehe 14 Aprili 2025

Binti yangu Umwiza,

Ninakukumbuka vizuri. Wewe ndiye uliyekuwa unaandika hata mizaha yangu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikakosa mahali pa kuiweka ndani ya nyumba. Pole. Pole kwako na kwa mama yako Uwamariya. Ninamkumbuka alivyokuja shuleni siku ya matokeo na beseni kichwani, akakataa kulitua hata kwa préfet, mkuu wetu wa shule.

Mimi ni mzima. Nimepata darasa hapa, wanafunzi arobaini na wawili, watundu kama nyinyi.

Swali lako la seli silikumbuki sawasawa. Karatasi zangu zote zilibaki Goma, katika kabati la shule. Tukijaliwa tutalisoma pamoja siku moja.

Kuhusu mama, ninakushauri kama baba: mwache. Mama aliyempoteza mtoto mmoja asipewe sababu ya kumpoteza na wa pili. Ulikwenda kule bariere kubwa, uliuliza, wakasema hapana. Jibu umelipata. Ulikuwa mtoto unayekimbia risasi, hukuwa na kosa. Maji yakimwagika hayazoleki. Omba, soma, msaidie mama.

Prof wako,
Léopold

*

Goma, Birere, tarehe 18 Mei 2025

Prof Léopold,

Asante kwa barua. Nilifanya ulivyosema. Sikumwambia.

Ninakueleza tu jinsi tulivyo. Mama sasa anavuka kwenda Gisenyi bila beseni. Hauzi tena, anauliza tu. Anasema: «Ni mutoto wa mwanamuke, miaka saba, iko na robe ya kijani, hasikie muzuri,» huku akionyesha magotini, gauni lilipofika. Vijana wa moto, wale wabeba abiria kwa pikipiki, wamemzoea. Juzi mmoja alimwita kutoka juu ya pikipiki: «Mama Joyeuse, hata leo? Huyo mutoto wako amekwisha kuolewa kule, tuletee mahari!» Wenzake wakacheka, na mama akacheka pamoja nao, akamjibu, «Mahari yenyewe utaikula na nani, weye sura ya kilo mbili!» Halafu tukatembea kama hatua kumi, akakaa chini, palepale kwenye mawe, na kitenge chake kizuri.

Kila juma ananirudisha kwenye mahali nilipomwonyesha. Ananiambia, «Onyesha tena. Ulikuwa unamushika kwa mukono gani? Yeye aliangalia wapi?» Ninasimama juu ya jiwe lilelile. Ninainua mkono wa kushoto, ninaonyesha vidole vinavyofunguka. Mama anatazama vidole vyangu kama mtu anayesoma. Halafu anageuka upande wa Gisenyi, anaanza upya.

Nimehesabu. Mkono huu umesema uongo mara kumi na nne.

Kuna jambo lingine, nalo usinikasirikie. Uliandika kwamba karatasi zilibaki katika kabati la shule. Kabati hilo tulilipanga mimi na Paulin mwezi wa kumi na mbili, kabla ya Noeli. Karatasi za samaki hazikuwamo. Ulizibeba wewe katika begi la kahawia, na Paulin alikufungulia mlango. Ninafikiri unakumbuka jibu, ila hukutaka kuniambia.

Kama seli inakufa, niambie tu. Mimi ni mwanafunzi wa biochimie.

Umwiza

*

Butembo, tarehe 26 Mei 2025

Umwiza,

Begi la kahawia liko hapa, chini ya kitanda. Karatasi zimo. Sikulifungua kwa sababu nilijua ukurasa unaosema nini.

Hili si jambo la pekee nililokudanganya. Sina darasa. Ninapima viazi katika depo ya shemeji yangu, na hao watundu arobaini na wawili ni magunia. Niliondoka Goma juma moja kabla ya siku ile, bila kuwaaga, nikawaacha na ubao wenye mchoro wa samaki nusu. Uliponiandikia kwamba ulirudi kwa ajili ya kaye ya somo langu, niliogopa, nikakupa ushauri wa mtu mwenye hofu. Nilijifanya ninamhurumia mama yako. Nilikuwa ninajihurumia mwenyewe.

Sasa ninakujibu kama inavyompasa mwalimu.

Waliwahi kuizima ile jeni inayotoa mwito. Seli hazikusimama. Ziliendelea kutembea, ila bila upande. Katika samaki hawa seli hutembea kidogo, husimama, hujizungusha mahali pamoja kama mtu anayenusa upepo, halafu huchagua upya. Walipoweka mwito mahali pengine, seli zilikwenda huko. Hazikuwa zimekosea, Umwiza. Zilitii. Na kuna seli nyingine, za njiani, ambazo kazi yao ni kuumeza mwito uliozagaa, ili ubaki ukitoka upande mmoja tu. Wamezaji hao wakikosekana, mwito unajaa kila mahali, na unaojaa kila mahali hauonyeshi popote.

Je, iliyopotea inakufa? Katika wanyama wengine nyingi hufa. Katika samaki nyingine huonekana siku kadhaa baadaye, hai, mahali pasipo pake. Hayo ndiyo ninayoyajua. Yaliyobaki siyajui, wala ukurasa hauyasemi.

Lakini hili ninalijua bila kitabu. Mama yako anafuata mwito ulioutoa wewe: ule mkono wako wenye vidole vinavyofunguka. Anatembea kwa bidii kuelekea mahali ambapo mtoto hakuelekezwa. Umeze. Kisha umwonyeshe ule wa kweli.

Mwambie leo, kama barua hii umeisoma asubuhi. Ninampa Mama Charline barua sasa hivi, lori linapakia. Na ulipouliza pale kubwa ulimtaja Joyeuse kwa jina. Nani amewahi kumsikia akilitamka?

Nisamehe.

Léopold

*

Goma, Birere, tarehe 14 Julai 2025

Prof Léopold,

Barua yako ya mwezi wa tano ilifika tarehe 18 ya mwezi wa sita. Mama Charline alisema barabara ilifungwa, wakakaa majuma mawili na viazi vinaoza. Karatasi ilikuwa inanuka viazi.

Niliisoma asubuhi. Mama alikuwa uani anachambua maharagi. Nilikaa mbele yake nikamwambia yote: kaye, kona ya tanuri, na kwamba hakuniponyoka. Kisha nikashusha mkono mbele yake kama nilivyofanya siku ile.

Mama aliutazama mkono. Akauliza neno moja tu: «Bariere gani?»

Nikasema, «Sikuonyesha.»

Alisimama, maharagi yakamwagika, akachukua kitenge. Tulikwenda kwa miguu. Mimi nilitembea nyuma yake.

Pale bariere kubwa yule mama wa mayai ya kuchemsha alikuwepo. Anaitwa Nyiransengimana. Mama alimsalimia, akamuuliza habari za Joyeuse. Akajibu, «Huyu dada alikwisha niuliza kitambo. Joyeuse simujue, mama.» Nikakumbuka swali lako la mwisho. Nikasogea mbele ya mama, nikashusha mkono, nikatikisa kiganja. Bariere. Samaki.

Mama Nyiransengimana alitua beseni lake.

«Ule?» akasema. «Mungu wangu! Ule ni Bubu!»

Nilimtazama mama. Nilidhani atampiga, kwa maana niliwahi kumwona akimtupia jirani maji kwa neno hilo. Mama alimshika yule mwanamke mikono yote miwili, akasema, «Ndiyo. Ni yeye. Ni Bubu wetu.»

Nitakuandikia alivyosema, bila kuongeza.

Siku ile ya risasi mtoto alifika pale mwenyewe, akashika chuma cha mlango, akakataa kuondoka. Siku mbili. «Kila mutu alipita alimufanyia vile, mukono, halafu kiganja,» alisema. «Sisi tuliona anaomba samaki. Tulimupa sambaza, tule tusamaki tudogo twa ziwa. Anakula, anafanya tena. Tunasema, eh, mutoto huyu hashibe?»

Siku ya tatu mama mmoja wa Masisi, aliyekuwa amekimbia vita na kujikinga Lac Vert, pembeni mwa mji, alimfunga mgongoni akaenda naye. Juma lile mtoto alimvuta mpaka Majengo, kwenye nyumba isiyo na bati. Hapakuwa na mtu, na majirani walikuwa hawajarudi. Baada ya hapo alianza kumvuta tena kuja bariere kubwa. Mama wa Lac Vert akaona kwamba siku za kazi anatulia, lakini Siku ya Mungu, akiona watu wamevaa kwenda misa, analia mpaka waondoke. Basi wakawa wanakuja. Kutoka Lac Vert mpaka pale, kwa miguu, kila Siku ya Mungu. Wanakaa juu ya jiwe mpaka saa tisa, halafu wanarudi.

Mama aliuliza, «Mpaka lini?»

«Mpaka Pentekoste. Siku hiyo yule mama aliniaga. Alisema wanarudi kwao, upande wa Masisi, hana tena mahali pa kulala huku. Mutoto alikuwa na robe ya kijani, imekuwa fupi.»

Mama Nyiransengimana hakijui kijiji chao. Jina la yule mama halijui, wote walimwita Mama wa Lac Vert.

Pentekoste ilikuwa tarehe nane. Barua yako niliipokea tarehe kumi na nane. Ya kwanza niliyokuandikia ni ya mwezi wa tatu. Nimefanya hesabu: ni Siku za Mungu kumi na moja, kuanzia barua yangu mpaka Pentekoste, ambazo ningeweza kumkuta amekaa juu ya jiwe. Sijui kama nimekukasirikia. Nikijua nitakuandikia.

Mama hakunipiga. Aliacha kusema nami. Akitaka chumvi anamwambia mama mdogo, na mama mdogo ananiambia mimi.

Hiki ndicho nilichofanya baadaye. Nilichukua ile kaye ya biolojia. Ilikuwa imebaki na kurasa thelathini na nane nyeupe, nikazichana. Juu ya kila moja nilichora mkono unaoshuka na samaki. Chini nikaandika: mtoto asiyesikia, miaka saba, robe ya kijani, anaitwa Joyeuse, watu wanamuita Bubu. Na namba ya simu ya mama. Nilifikiri sana kabla ya kuandika neno lile, kisha nikaliandika kwa herufi kubwa. Kurasa zilipokwisha nikachana na zile za somo, nikachora nyuma yake. Mshale wa seli unaonekana ukiiweka karatasi kwenye jua.

Wachuuzi wanaoshuka na fromage, jibini, kutoka Masisi wanarudi juu mikono mitupu. Nimewagawia karatasi. Ninaongea nao mwenyewe. Wa kwanza aliniambia, «Sema kwa nguvu, mutoto, unaogopa nani?» Nikasema kwa nguvu.

Na kila Siku ya Mungu baada ya misa ninakwenda bariere kubwa, ninakaa juu ya lile jiwe mpaka saa tisa. Siku hiyo Joyeuse anaijua. Ile ndogo hatuendi tena, mama amewaaga hata wale vijana wa moto, ili kusiwe na pande mbili.

Jana ilikuwa mara ya nne. Kama saa sita na nusu nilimwona mama anakuja, na beseni kichwani, mara ya kwanza tangu Januari, na ndani avoka chache. Alilitua kando ya beseni la Mama Nyiransengimana. Alisimama akatazama barabara, halafu akanitazama mimi.

«Enda ukule,» akaniambia. «Mimi nabakia.»

Nilimpisha kwenye jiwe. Nilikwenda nyumbani, nikala, nikarudi.

Umwiza